Kati ya Vi na De

Gesine alimshukuru Roswitha kwa neno ambalo Roswitha hakulitamka. Mambo yote yalianzia hapo.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, siku ya pili ya mazoezi ya jukwaani. Roswitha Pohle alikuwa ndani ya kisanduku chake, kile kijibanda cha mbao kilichozama mbele ya jukwaa, kichwa juu, miguu chini kwenye baridi ya ghala lililo chini ya jukwaa, blanketi magotini na chupa ya chai ubavuni. Alikuwa mkumbushaji. Mwimbaji akisahau maneno, yeye humnong'oneza. Asiposahau, humnong'oneza vilevile, nusu pumzi kabla, asije akapata nafasi ya kusahau. Miaka ishirini na tisa alikuwa akiwalisha watu maneno kama vifaranga, na katika miaka yote hiyo jina lake halikuwahi kutokea kwenye bango la maonyesho. La fundi wa wigi lilikuwepo. La mshona viatu lilikuwepo. Lake hakuna. Jambo hilo lilimkera, naye hakuwa mtu wa kumeza kero.

Gesine Wohlrab alikuwa na sauti ya kutoa machozi na kichwa kisichoshika kitu. Siku hiyo alikwama kwenye ubeti wa pili, akaangalia chini kwenye kisanduku. Roswitha akafungua mdomo, lakini kabla hajatoa sauti Gesine alikwisha kuendelea, maneno yote sawasawa.

"Asante, Bi Rosi!" alisema muziki ulipopumzika. "Leo angalau umetaja kwa sauti. Jana ulikuwa kama unaongea na soksi zako."

"Mimi sijataja kitu."

"Umetaja bwana, nimesikia. Kutoka humo humo."

Kijiti kikagonga meza ya muziki. Mwongozaji wa okestra, Lothar Amsinck, ambaye kila mtu alimwita Maestro kwa sababu asipoitwa hivyo huwa haitiki, aliwatolea macho. "Mabibi, soga ziko kantini. Tunaendelea."

Roswitha akarudisha macho kitabuni. Harufu ya tope ilikuwa imempanda puani, tope la mto lililochanganyika na majani yaliyooza, na alipoinama kuangalia miguu yake, soksi zilikuwa zimelowa hadi kwenye vifundo. Akafikiri bomba limepasuka. Akaandika karatasi ya malalamiko kwa mafundi, ya sita mwaka huo, nao hawakuijibu kama walivyokuwa hawajajibu zile tano.

Kila Desemba jumba la opera la Wernsbach huwapa watoto na bibi zao hadithi ya kale ya kuimbwa, na kila mwaka ni ile ile. Mwaka huu Maestro alitaka kitu kipya, kwa hiyo akachimba kabatini na kuibuka na kitu kilichooza: Binti wa Kinu, iliyotungwa na mtu wa mji huo huo mwaka elfu moja mia tisa na tisa, ikaonyeshwa mara mbili, kisha ikafungiwa. Gazetini alijisifu kwamba amefufua johari. Roswitha alisoma gazeti hilo akila mkate wake wa nyama ya kusaga mbichi na vitunguu, akaguna.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mto umekauka, kinu cha maji kimesimama, msaga nafaka anataka kujinyonga. Binti yake anakwenda kwenye bwawa, anamwita Mwanamke wa Maji mara tatu, na yule anatoka na kuja kukisukuma kinu. Mwishoni, siku ya harusi, binti anarudi bwawani kumuaga, ili naye arudi alikotoka.

Basi huko kumuaga ndiko kulikokatwa.

Watu wa opera wana namna yao ya kukata. Hawachani karatasi. Mahali pa kuanzia kuruka wanaandika kwa penseli ya buluu Vi, na mahali pa kutua wanaandika de. Ni neno moja la Kilatini, vide, maana yake tazama, limepasuliwa vipande viwili. Ukifika Vi unaruka hadi de, na vilivyo katikati unavifanya kama havipo. Wapiga fidla hawavioni. Waimbaji hawajifunzi. Mkumbushaji tu ndiye huvisoma, kwa kuwa macho yake yamezoea kusoma kila kilichoandikwa.

Roswitha alivisoma siku ya tatu, kisha akarudi mwanzo kuhakikisha. Binti anaita mara tatu, sehemu ya kwanza. Haagi popote. Kila asubuhi ya mazoezi walikuwa wakimwita mgeni ndani ya nyumba, na hakuna hata mmoja aliyemwambia aondoke.

Alimkuta Maestro kantini, mbele ya bakuli la supu ya viazi.

"Maestro, turudishe ile kwaheri ya mwishoni."

"Rosi, Rosi, Rosi. Hata salamu hakuna?"

"Habari za mchana. Turudishe ile kwaheri."

"Dakika nne na nusu," alisema Maestro, akiinua kijiko kama kijiti chake. "Nikizirudisha, onyesho linazidi urefu wa saa tatu. Unawajua jamaa wa okestra. Zikipita saa tatu na dakika moja wanafunga fidla zao wanakwenda nyumbani, hata kama bi harusi bado amepiga magoti."

"Basi kata ngoma ya panya kule kati. Nani anataka ngoma ya panya?"

"Watoto wanaipenda."

"Kuna kitu kinaongea ndani ya kisanduku changu, Maestro. Kinataja maneno kabla yangu. Maji yananifika vifundoni, na Gesine anakohoa..."

"Ana mafua. Ni Desemba." Akarudi kwenye supu. "Na wewe umechoka. Baada ya Krismasi chukua likizo, mama."

Roswitha alibaki amesimama na trei yake. Alikuwa akimpigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe ndiye mwalimu wa muziki.

Wiki hiyo sauti ilizoea. Mwanzo ilikuwa inangoja mtu akwame. Sasa ilikuwa inataja kila mstari, nusu pumzi kabla ya Roswitha, taratibu, kwa lafudhi ya zamani ambayo mabibi wa mjini walikuwa wameiacha, na Roswitha alijikuta amekaa mdomo wazi na kitabu mapajani, kazi yake ya miaka ishirini na tisa ikifanywa na mtu asiyeonekana, tena vizuri kuliko yeye. Waimbaji walifurahi. "Bi Rosi yuko moto mwaka huu," walisema. Alipowaambia si yeye, wakacheka. Alihisi hasira kabla ya kuhisi woga, na hasira hiyo ilimfanya akae kisandukuni siku tatu zaidi kuliko ambavyo mwenye akili angekaa.

Baada ya siku hizo tatu, saa saba mchana, wote wamekwenda kula, bawabu Uhlig alimsimamisha mlangoni. Kwenye kibanda chake kuna spika ndogo inayoleta kila kinachosikika jukwaani, ili ajue sehemu gani inaimbwa na nani aitwe.

"Rosi, umemwacha nani jukwaani?"

"Hakuna mtu. Nimezima taa mwenyewe."

"Sikiliza basi."

Wakasikiliza. Spika ilikuwa ikikoroma, na ndani ya mkoromo huo maji yalikuwa yakidondoka, tone moja moja, juu ya mbao. Kisha matone yakageuka hatua, hatua za mtu mwenye miguu iliyolowa anayetembea bila haraka kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine na kurudi, na juu ya hatua hizo mwanamke alikuwa akiimba kwa kunong'ona ule ubeti ulio kati ya Vi na de, ubeti ambao hakuna mtu jumbani aliyewahi kujifunza, akiuimba hadi mahali pamoja, anakatika, anaanza tena, anafika pale pale, anakatika.

Uhlig akazima spika. "Mwite mchungaji," alinong'ona.

"Mchungaji yuko kwenye kwaya ya panya," alisema Roswitha.

Gesine alianguka kwenye mazoezi ya mwisho, yale ya kuvaa mavazi ya onyesho. Aliita mara tatu kama ilivyoandikwa, akashika koo, akainama, na maji yakamtoka mdomoni, maji ya kahawia, yakiwa na kipande cha jani. Daktari alisema mapafu yamepata baridi, anywe chai ya majani na alale na kitambaa shingoni. Lile jani lilifagiwa pamoja na vumbi.

"Usiimbe onyesho la Jumapili," Roswitha alimwambia, amekaa kando ya kochi kwenye chumba cha kuvalia.

"Bi Rosi, tafadhali." Sauti ya binti ilikuwa imekwaruzika. "Miaka minne nimeimba kijakazi wa tatu. Unajua kijakazi wa tatu anasema nini? 'Chakula tayari.' Miaka minne, chakula tayari! Nikiacha Jumapili, hawatanipa tena."

"Unamsikia?"

Gesine akaangalia mlango kwanza. "Sasa hata nyumbani. Nikipiga mswaki. Ananitajia kitu ambacho sikijui, halafu anangoja. Ananingoja mimi nimalizie, Bi Rosi, na mimi sina la kumalizia."

Roswitha akaenda kwenye maktaba ya jumba. Aliambiwa mhusika yuko likizo. Akaomba ufunguo, akaambiwa ajaze fomu. Akajaza fomu, akaambiwa fomu husainiwa na mhusika. Hapo uvumilivu ulimwisha; akaenda kwa Uhlig, akachukua ufunguo ubaoni mbele ya macho yake, na Uhlig akageuka akaanza kuhesabu chembe za theluji dirishani.

Alichokitafuta kilikuwa rafu ya chini kabisa: kitabu cha mkumbushaji wa zamani, yule wa elfu moja mia tisa na tisa. Mwenzake. Kitabu kilikuwa kimevimba kama mkate uliotumbukizwa kwenye maziwa, lakini penseli yake ilisomeka. Pembeni mwa kwaheri, pale ambapo ubeti ulikuwa ukikatika, palikuwa na nafasi tupu yenye nukta, na mtu huyo alikuwa ameandika:

"Hapa pana jina. Mtunzi anasema aliyeitwa bila jina haondoki bila jina, na mwimbaji lazima atoe la kwake. Bi Adelheid amekataa. Mwingine naye amekataa. Kwa hiyo wamekata."

Na chini yake: "Onyesho la pili. Bi Adelheid amekutwa chumba cha kuvalia. Daktari anasema amezama. Sakafu ilikuwa kavu."

Roswitha alirudia kusoma hadi macho yakauma. Alijaribu tena kwa Maestro, na hilo nalo liandikwe, kwamba alijaribu. Alimwekea kitabu mezani. Maestro alisoma mistari miwili, akasema ni kitu kizuri sana kwa gazeti, akauliza kama anaweza kubaki nacho.

Usiku huo hakulala kwa hasira. Kulipokucha alikuwa ameamua. Gesine alikuwa na jina kwenye bango kwa mara ya kwanza maishani, herufi kubwa, mama yake alikuja kutoka mji wa pili kulipiga picha. Binti kama huyo humwambii atoe jina lake. Lakini kulikuwa na mtu mwingine jumbani ambaye jina lake halikuwa na kazi kubwa.

"Mahali pa Vi pana pumzi," alimwambia Gesine kabla ya onyesho. "Okestra inanyamaza, na Maestro hawezi kuanza mpaka wewe uvute hewa. Usivute. Hata akikutolea macho. Ngoja mpaka nimalize."

"Umalize nini?"

"Wewe jikaze tu, mwanangu."

Jumapili, saa tisa alasiri, jumba lilijaa. Watoto walinukia machungwa na keki ya zabibu kavu. Roswitha aliingia kisandukuni na maji yakampokea magotini. Sehemu ya kwanza, Gesine aliita. Mara ya kwanza taa za jukwaa zilififia kidogo. Mara ya pili kitabu cha Roswitha kililowa mikononi mwake. Mara ya tatu kitu kikaketi nyuma yake, ndani ya kisanduku kisichotosha watu wawili, kikaegemeza kidevu begani mwake, na nywele zilizolowa zikamteremkia kifuani.

Alikaa hivyo saa mbili na nusu. Hakugeuka. Ngoma ya panya ilipita, watoto wakapiga makofi, na yeye alikuwa akihisi pumzi baridi sikioni ikitaja kila neno, kila neno, mpaka harusi ikafika, mpaka Gesine akasogea ukingoni mwa bwawa la turubai akiwa amepauka chini ya poda na mishipa ya shingo imemsimama, mpaka okestra ikafika Vi na kunyamaza, na Maestro akainua kijiti akingoja binti avute hewa, na binti hakuvuta kwa sababu alikuwa amejikaza kama alivyoambiwa na pia kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha kumjaa kooni, na hapo Roswitha Pohle, ambaye kwa miaka ishirini na tisa hakuwahi kutoa sauti ya kufika hata safu ya kwanza, akafungua mdomo na kuimba.

"Nenda, uliyekuja kwa kuitwa, kinu kimesaga, mkate umeiva. Ulikuja huna jina, usitoke huna jina. Chukua hili, liwe lako..."

Maestro alikuwa akimtolea macho kama anayetaka kumrushia kijiti. Kidevu begani kilikuwa kimetulia, kilikuwa kinasikiliza.

"...Roswitha Pohle."

Maji yaliondoka kwa mkupuo mmoja, kama beseni lililozibuliwa. Begani pakawa pepesi. Juu yake Gesine alivuta hewa, hewa safi ya kujaa kifua, akatua kwenye de na sauti iliyowafanya mabibi watafute leso.

Katika kelele za makofi, Gesine alikuja mbio hadi kwenye ngazi ya ghala, machozi yakichuruzika na poda. Alimkumbatia yule mama aliyekuwa akitoka kisandukuni. "Sina maji tena! Sikia, sikohoi! Asante, Bi..." Akakwama. Akacheka. "Asante, Bi... jamani, liko mdomoni kabisa."

Yule mama alitaka kumtajia. Ilikuwa kazi yake. Alifungua mdomo, na mdomoni hamkuwa na kitu.

Jumatatu gazeti liliandika kuhusu ile sauti iliyotoka ardhini na kusisimua watu. Maestro alisema lilikuwa wazo lake, alilificha hata kwa waimbaji. Mama huyo alilisoma akiwa amesimama dukani, akaguna kama kawaida yake, na akashindwa kukumbuka ni nini hasa kilichomkera. Mfukoni alikuwa na kitambulisho. Picha ilikuwa yake. Pembeni mwa picha wino ulikuwa umeyeyuka.

Onyesho la pili lilikuwa Jumanne, alasiri pia, kwa ajili ya shule. Alifika mapema, kama miguu ilivyozoea. Ukutani kando ya mlango wa wafanyakazi walikuwa wamebandika bango jipya, gundi bado mbichi, na chini kabisa, baada ya fundi wa wigi na mshona viatu, palikuwa na mstari mmoja ulioongezwa: Mkumbushaji, Roswitha Pohle. Aliusoma mara mbili. Akaona wivu kidogo. Akajiuliza ni nani huyo aliyebahatika.

Uhlig alitoa kichwa dirishani. "Nikusaidie nini, mama? Watazamaji wanapitia mbele."

"Nimekuja kazini."

"Kazi gani?"

"Kisandukuni."

"Aa, hapana. Rosi ameshaingia, tangu asubuhi. Na ukimwona mwambie afute miguu, ameniloweshea korido nzima." Alivuta daftari lake, akalamba ncha ya penseli. Nyuma yake spika ilikuwa ikikoroma, na ndani ya mkoromo mwanamke alikuwa akinong'ona maneno ya sehemu ya kwanza, taratibu, moja baada ya jingine, akijifua. "Na wewe ni nani, nikuandike?"

Mama akafungua mdomo, akainamisha macho kama waimbaji wote wanavyofanya wakikwama, akangoja atajiwe.